Nimekuja Berlin kwa muhula mmoja, nyumbani wanasema nisirudi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, mzaliwa wa Lushoto, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Mwishoni mwa Septemba nilikuja Berlin kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, muhula mmoja tu. Vipindi vinaisha katikati ya Februari na tiketi yangu ya kurudi ni ya mwisho wa mwezi huohuo. Darasani kwetu tulioomba tulikuwa kumi na mmoja, nikachaguliwa mimi. Siku jina lilipotoka nilipiga vigelegele mpaka mama mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Barua hii naiandika nikiwa ndani ya treni. Kuna treni hapa inauzunguka mji, ukikaa bila kushuka inakurudisha ulipopandia baada ya saa moja. Siku nyingine nazunguka nayo mara mbili. Tiketi imo kwenye ada ya muhula, ndani kuna joto, na kuna watu, hata kama hakuna anayemsemesha mwenzake.

Posho yangu ni yuro 850 kwa mwezi. Chumba cha hosteli ni 390, bado bima, simu na chakula. Ingetosha kwa kubana. Lakini Oktoba nilimtumia mjomba yuro 200, kwa sababu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili nipate fedha za visa na za kuanzia maisha, maana posho ilichelewa. Novemba binamu yangu alikwama ada ya ufundi, nikatuma 150, ambazo kwa huko ni zaidi ya laki nne. Sasa mama mdogo wa Korogwe anaomba simu, na kaka ameniambia bati za nyumba ya bibi zimechoka. Kodi ya mwezi huu nimelipa nusu. Hosteli wamenitumia barua ya Kijerumani, nimeitafsiri kwa simu, ni onyo. Jumatatu asubuhi huwa nawahi jikoni kabla wenzangu hawajaamka, naokota chupa za plastiki walizoacha baada ya sherehe zao. Dukani unarudishiwa senti 25 kwa kila moja.

Mama hajui. Yeye ana swali moja kila akipiga: "Unakula?" Namwambia nakula. Alishaniuliza mara mbili mbona nimekonda, tangu hapo nazima kamera, nasema mtandao mbaya. Wiki ya kwanza nilipofika nilipiga picha nyingi mbele ya Lango la Brandenburg, nimevaa koti la msichana wa Brazil tunayeishi naye. Mpaka leo naziweka moja moja kwenye stetasi kana kwamba nimepiga siku hiyo. Mama anawaonyesha wenzake wa kwaya.

Darasani naogopa kuzungumza. Mara ya kwanza nilipowasilisha kazi yangu, nilipomaliza walianza kugonga meza kwa ngumi. Nilidhani wananifukuza. Baadaye nikaambiwa ndivyo wanavyopiga makofi hapa. Nilicheka, lakini usiku nililia.

Siku nyingine niliingia dukani kununua mkate, nikaona vyungu vidogo vya maua ya zambarau. Kibandiko kimeandikwa Usambaraveilchen. Usambara, Shangazi! Kwetu yanaota yenyewe msituni. Nilisimama pale na mkate wangu mpaka mhudumu akaniuliza kama najisikia vibaya.

Sasa shida yenyewe. Mjomba amenipigia, akasema: "Mlango ukishafunguka mtu hageuzi mgongo. Ng'ombe wangu asije akawa ameliwa bure." Kuna kaka mmoja Mtanzania nimefahamiana naye hapa, anasema Februari nisirudi, nijilipue, yaani niombe hifadhi, watu wengi wamefanya hivyo. Kwa sasa ananiahidi kibarua cha usafi usiku, yuro 7 kwa saa, unalipwa mkononi bila karatasi. Na moyo wangu, Shangazi, unataka kurudi nyumbani hata kesho. Krismasi inakuja, hosteli inabaki tupu, kila mtu ana kwao. Halafu najichukia, kwa sababu wale kumi walioachwa wangetoa chochote wawe mahali nilipo.

Nirudi sasa, nivumilie hadi Februari, au nibaki kabisa kama mjomba anavyotaka?

Mwana wa Lushoto, Berlin

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti. Unaniuliza habari ya tarehe: uondoke sasa, uondoke Februari, au usiondoke. Watu waliokupenda walitoa walichokuwa nacho wakakupeleka mbali. Umefika mahali ambapo fedha haitoshi, jua halitoshi, na watu wa kuzungumza nao hawatoshi. Na huku nyumbani kila mmoja anakusukuma au kukuvuta kwa kufuata Berlin aliyoiona kwenye picha zako. Hapo ndipo nilipokwama mimi kabla hata sijafika kwenye tarehe.

Umenitajia watu waliokuomba: binamu, mama mdogo, kaka. Mjomba naye umemtumia, ingawa hukuandika kama aliomba au ulijipangia mwenyewe kumlipa. Nikatafuta mahali mama alipoomba fedha. Sikupaona. Mama yako ameuliza kama unakula, na mbona umekonda. Mwanangu, huyo ameshaona. Mwanamke aliyekulea tangu unanyonya hadanganywi na koti la Mbrazili. Sikulaumu kwa zile picha. Ulitaka afurahi mbele ya wenzake wa kwaya, na hilo ni pendo. Lakini fikiria gharama yake: kila picha unayoiweka inamfanya mama mdogo aone simu ni jambo dogo kwako. Wanaoomba hawana roho mbaya, wanaomba kwa yule msichana wa pale langoni. Wewe wa kwenye treni hawajawahi kukutana naye.

Ungeanza na nani? Sikushauri uende kwenye kikundi cha familia na kumwaga yote usiku mmoja. Hilo huwaumiza watu kisha hushindwa kulirudisha. Mtu mmoja tu. Kwa barua hii ningedhani ni mama, ila wewe unamjua kuliko mimi. Pengine ana presha, pengine unaona bora kaka asikie kwanza. Hatari ipo pia: anaweza kusema urudi kesho yake, au akampigia mjomba kwa hasira. Mwambie mapema unachotaka kutoka kwake, kwamba unataka asikie tu, hujaomba aamue.

Ukifika kwenye fedha, kuna namba moja inayoweza kukusaidia kueleza. Tangu Septemba 2024, Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni anayejilipia aonyeshe kwamba ana yuro 992 kwa kila mwezi atakaokaa. Hicho ndicho kiasi wanachohesabu wenyewe kuwa cha kuishi. Wewe una 850. Kwa hesabu ya wenye nchi, kabla hujatuma hata senti, tayari umepungukiwa. Mwambie kaka hivyo, kwa tarakimu. Mtu aliyekulia kwenye biashara ya kabichi na viazi anaelewa mtaji na gharama. Bati za bibi zinaweza kusubiri kikao cha familia. Barua ya onyo ya hosteli haisubiri. Nenda ofisini kwao wiki hii, au waandikie, uombe kulipa nusu iliyobaki kwa awamu. Ukimya ndio unaowafanya wapandishe hatua.

Kibarua cha usiku. Hapa nitasema waziwazi kidogo, kwa kuwa kinanitia wasiwasi. Kima cha chini cha mshahara Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Anayekulipa 7 mkononi anakula karibu nusu ya jasho lako, ukiteleza ngazini hakuna rekodi kwamba ulikuwa kazini, na ukikamatwa visa yako ndiyo inayoingia matatani. Kuna jambo ambalo labda hujaambiwa: tangu Machi 2024 wanafunzi kutoka nje ya Ulaya kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, au nusu siku 280, kwa halali. Kwa wewe wa muhula mmoja, soma kilichoandikwa kwenye visa yako na uulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Ukiruhusiwa, saa chache za kazi yenye mkataba zinaweza kukupa kama zile za usiku kucha. Ila uliza pia nafsi yako kama mwili unaweza, maana mwili huo hauli vizuri.

Kuna kitu hukukitaja, nami sitaki kipite: giza. Najua watu wa Lushoto mmezoea baridi na ukungu. Lakini kwetu mchana ni takriban saa kumi na mbili mwaka mzima, hata Desemba. Berlin mwezi huu jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na siku nyingi hata hizo saa chache ni mawingu matupu. Wenyeji wenyewe huinamia. Sisemi huzuni yako yote ni hali ya hewa, la hasha. Nasema ukipima maisha yako gizani saa kumi jioni, mezani pana barua ya onyo, mizani inaweza kukudanganya. Toka nje saa sita mchana kila siku, hata dakika thelathini, hata kama kuna mawingu. Mwisho wa Februari jua la huko litakuwa linazama baada ya saa kumi na moja na nusu. Ni mji uleule, lakini unaonekana mwingine.

Na uende kuzungumza na mtu wa huko. Studierendenwerk, shirika linaloendesha hosteli na mabwalo ya chakula ya wanafunzi wa Berlin, lina washauri wa saikolojia na wa mambo ya fedha na makaratasi. Ni bure na ni siri. Kwetu bado tunaona aibu kumwona mshauri wa akili, kama vile mtu amechanganyikiwa. Msichana anayelia usiku na kuzunguka na treni ili asikie pumzi za watu ana haki ya kusikilizwa na mtu aliyesomea hilo. Ikitokea siku umechoka mpaka huoni haja ya kuishi, usingoje jibu langu. Gonga mlango wa yule Mbrazili, au piga 112.

Sasa mjomba. Maneno yake yameniumiza kwa niaba yako, na hapohapo nimemwonea huruma. Ng'ombe wa maziwa Lushoto ni mshahara, ni ada, ni mbolea ya shamba. Lakini tuyarudie alivyoyasema: "asije akawa ameliwa bure." Wewe umesikia "usirudi." Huenda ndivyo alivyokusudia. Huenda pia alikuwa anasema anaogopa kuona dhabihu yake imepotea, na yeye hajui sura nyingine ya mafanikio isipokuwa mtu kubaki Ulaya. Umewahi kumuuliza ng'ombe huyo anamhesabu kama zawadi, mkopo, au mbegu? Majibu matatu hayo yana madeni tofauti. Mkopo unalipika taratibu ukiwa popote, hata ukiwa umeajiriwa Tanga mjini.

Kuhusu kujilipua, sitamhukumu kaka aliyekushauri. Sijui alipitia nini. Nakupa tu picha ambayo pengine hakukupa. Anayeomba hifadhi hukabidhi pasipoti kwa mamlaka, hupelekwa kambi ya mapokezi watakayoamua wao, miezi ya kwanza haruhusiwi kufanya kazi, na hueleza hofu ya kuteswa kwao ambayo wewe huna. Ombi likikataliwa, unabaki na rekodi hiyo, na shahada imebaki njiani. Upande wa pili, vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, na mwenye shahada kamili anaweza kuomba shahada ya pili au kushindania ufadhili. Ipo pia Chancenkarte, iliyoanza Juni 2024, kibali cha kwenda kutafuta kazi, na yenyewe humtaka mtu awe amemaliza shahada au mafunzo ya ufundi. Njia hizo zote zinaanzia kwenye kile cheti ambacho umebakiza hatua chache kukipata. Mjomba anazungumzia mlango. Muulize kama amewahi kufikiri kwamba mlango huo unafunguka pande zote mbili, kwa sharti kwamba karatasi zako ziwe safi.

Nimekumbuka mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Baadhi ya wanafunzi wake walimdharau mwalimu wao mweusi. Mwaka 1905 alipanda meli kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani, wakoloni wakawakatalia kushuka, akarudishwa Ujerumani, na Berlin ndiko alikofia mwaka 1927. Sikutajii haya ili nikutishe. Nimemkumbuka kwa sababu yeye alitaka kurudi akanyimwa, na kwa sababu katika mji huohuo wengine wenye lugha yetu walishasimama mbele ya darasa wakijiuliza wanaonekanaje.

Darasa lako mimi silihofii sana. Umewasilisha kazi kwa lugha ya kigeni na wamegonga meza. Ni makofi yao hayo, yapokee.

Kurudi sasa je? Sitakuambia ni kosa. Mtu akiugua safarini hurudi, na hakuna aliyeapa kufia kwenye muhula. Ila kabla hujagusa tiketi, soma makubaliano uliyosaini: baadhi ya mipango hudai sehemu ya posho irudishwe ukikatisha, na masomo ya muhula huu yanaweza yasihesabiwe chuoni kwako. Waulize waratibu wa pande zote mbili, kwa maandishi. Kisha ujiulize swali moja polepole: nikipanda ndege kesho, nakimbia Berlin, au nakimbia ile hadithi niliyowapa nyumbani? Ikiwa ni Berlin, ndege inasaidia. Ikiwa ni hadithi, utashuka nayo Dar, utapanda nayo basi, na itakusubiri Mombo. Pengine ni vyote viwili. Wewe ndiye utakayejua.

Krismasi inakuja kweli, basi tuiandalie. Tarehe 24 maduka mengi ya huko hufunga mchana, na 25 na 26 ni sikukuu, hivyo nunua chakula mapema. Mtafute mwanafunzi mwingine anayebaki, hosteli haiwi tupu kabisa. Wapo Wachina, Wahindi, Waturuki ambao hawana pa kwenda. Jioni ya tarehe 24 makanisa yanajaa, hata ya watu wasiosali mwaka mzima. Kama kwenu ni Walutheri, nyimbo kadhaa utazijua kabla hawajamaliza ubeti.

Na ukipata mchana mmoja, panda treni ya U6 ushuke kituo cha Afrikanische Straße, huko Wedding. Mitaa ya pale ilipewa majina ya makoloni wakati Wajerumani wanajivunia kututawala. Utakuta Tangastraße, utakuta na Usambarastraße. Sehemu ya barabara iliyokuwa Petersallee, jina lililomuenzi Carl Peters, mkoloni yule aliyetuachia makovu, tangu Agosti 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Jipige picha chini ya kibao cha Usambara, na koti lako mwenyewe, na sura uliyonayo siku hiyo. Mtumie mama hiyo, peke yake, siyo stetasi.

Akipiga, acha kamera iwake. Akiuliza kama unakula, mweleze unavyokula. Sijui atakujibu nini. Niandikie Januari, unieleze alivyosema.

Shangazi yako